Tumeanza kiangazi Cincinnati: Reds Ijumaa usiku, Kings Island Jumatatu, na mama kutoka Morogoro

Huu ni mwaka wangu wa 6 hapa Ohio, Marekani, na kila shule zikifungwa watu wa kwetu wananiuliza swali lile lile, watoto wako nyumbani, tunawapeleka wapi. Mwaka huu najibu kwa kirefu maana tumefanya vyote viwili ndani ya siku 4, mechi ya besiboli ya Reds pale Great American Ball Park Ijumaa usiku, halafu Jumatatu Kings Island, bustani kubwa ya michezo, kwenye rola kosta, zile treni za kuchezea zinazopanda na kuporomoka kwa kasi. Tulikuwa mimi na mke wangu, kijana wetu wa miaka 9, shemeji yangu aliyekuja na gari kutoka Louisville, na mama yangu mzazi aliyekuja kutusalimia kutoka Morogoro. Mama ana miaka 67 na hajawahi kuona besiboli hata kwenye tivii.

Naanza na besiboli kwa sababu ndo watu wetu wengi wanaidharau, wanasema mchezo wa watu kusimama tu. Mama naye kipindi cha kwanza kilipoisha akanigeukia, "Mwanangu, sasa hawa wanasubiri nini?" Nikamwonyesha, yule aliyesimama kwenye kichuguu ndo mrushaji, yule mwenye gongo anatakiwa aupige mpira halafu akimbie azunguke besi zote, vile vituo vya uwanjani, mpaka arudi alipoanzia. Akakaa kimya akaangalia kama mipira minne mitano hivi, akasema, "Aah, kumbe ni rede. Ila huyu haukwepi mpira, anaupiga." Nikamwambia ndo hivyo hivyo mama, na kuanzia hapo hakuuliza tena, kufika kipindi cha 6 alikuwa anasimama kabla yetu.

Ukweli ni kwamba besiboli usiende nayo kama unavyoenda na Simba na Yanga, dakika 90 roho mkononi. Hii ni baraza. Unakaa, unakula, unaongea na wenzio, mtoto anauliza maswali, jirani wa kiti cha mbele anakugeukia anakueleza kitu, halafu ghafla gongo linalia PA! na watu elfu kadhaa wanainuka kwa pamoja. Na siku hizi hauchoshi kama zamani maana tangu 2023 kuna saa uwanjani, mrushaji ana sekunde 15 tu kurusha, na 18 kama kuna mtu kwenye besi, kwa hiyo mechi nyingi zinaisha ndani ya masaa mawili na nusu na ushee.

Halafu mji wenyewe ni mji wa besiboli haswa. Timu ya kwanza kabisa kulipa wachezaji wake wote mshahara waziwazi ilitoka Cincinnati, mwaka 1869, na mechi ya kwanza ya ligi kuu kuchezwa usiku chini ya taa ilichezwa hapa hapa tarehe 24 Mei 1935, Reds wakawafunga Phillies 2-1. Uwanja wa sasa ni wa 2003 na uko ukingoni mwa mto Ohio kabisa, ng'ambo ni Kentucky. Kata tiketi ya jukwaa la juu nyuma ya mpigaji, ni za bei nafuu kuliko za chini na unaona mto wote na meli zinapita jioni ile, mimi nakwambia sitoi hela ya kiti cha chini tena. Kule upande wa nje kuna mabomba mawili marefu ya moshi kama ya meli za zamani za mtoni, mrushaji wa Reds akimtoa mtu yanatema moto, na wakipiga homu rani, yaani mpira ukavuka uzio wa uwanja, yanarusha fataki. Kijana wangu alikuwa anayaangalia mabomba kuliko mpira.

Mtu wa kumwangalia ni Elly De La Cruz, mchezaji wa Reds kutoka Jamhuri ya Dominika, mrefu, miguu kama swala. Mwaka 2024 aliiba besi 67, hakuna aliyemfikia ligi nzima. Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata mpira haujapigwa. Ni hivi, mrushaji bado anajiandaa, yeye anajisogeza polepole, hatua moja, ya pili, mabega kayageuzia upande anaokwenda na vidole vinacheza cheza, mrushaji anamtupia jicho, anageuka, na mguu wa mrushaji ukinyanyuka tu jamaa ameshatoka mbio. Mama alimshika shemeji mkono akasema "ataibiwa huyo, ataibiwa" na kweli akaibiwa.

Chakula. Wanaruhusu uingie na chakula chako, soma tu masharti yao ya mabegi kabla hujatoka nyumbani, sisi tuliingia na sambusa za mke wangu na maji. Ila onjeni pia ile chili ya Cincinnati, mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, ya mgahawa wa Skyline, walioanzisha mgahawa huo ni familia ya Wagiriki mwaka 1949, wanaimwaga juu ya tambi au soseji halafu wanafunika na mlima wa jibini. Ndani yake kuna mdalasini, unausikia kabisa. Mama alionja kijiko kimoja akasema mtu wa kwanza kuipika lazima alikaa pwani. Soseji mbili alimaliza.

Angalizo moja kubwa, maegesho. Tuliegesha kwenye kiwanja cha mtu binafsi mitaa ya jirani, tukalipa kwa simu, risiti ninayo, na baada ya wiki mbili ikaja barua ya faini nyumbani. Nimepiga simu mara tatu kuifuatilia na mpaka leo haijafutwa, inaniuma kweli. Safari nyingine tunaacha gari Covington upande wa Kentucky tunavuka kwa miguu daraja la Roebling, lile la kamba za chuma la tangu miaka ya 1860, mhandisi wake ndo huyo huyo aliyechora daraja la Brooklyn kule New York. Matembezi yenyewe ni sehemu ya raha. Na chagueni Ijumaa, baada ya mechi kuna fataki.

Sasa Kings Island. Iko Mason, kama nusu saa kaskazini mwa mji kwa barabara ya 71, ilifunguliwa 1972. Nendeni siku ya kazi jamani, Jumamosi muwaachie wengine, sisi Jumatatu asubuhi tulipanda vipando vitatu kabla ya saa 6 mchana. Mpimeni mtoto urefu nyumbani kabisa, vingi vinataka sentimita 122 na vile vikubwa 137, maana mtoto kupanga foleni halafu arudishwe mlangoni ni kilio. Wetu ana 131 kwa hiyo alianza na The Racer, treni mbili zinatoka pamoja zinashindana kwenye reli za mbao, yeye na mama yake treni moja, mimi na shemeji nyingine, wakatushinda.

Orion, rola kosta ya 2020, tulipanda mimi na shemeji. Inakuangusha mita 91, mwendo unafika kilomita 146 kwa saa, na kilichokushikilia ni chuma cha mapajani tu, mabega yako wazi. Pale juu kabisa kuna kama sekunde moja unaona miti yote ya Ohio halafu chini hakuna kitu. Shemeji hakuongea mpaka tumefika kwenye maji ya kunywa. Diamondback nayo nzuri, ina vilima vinavyokunyanyua kwenye kiti kimoja baada ya kingine, mwisho inapiga mkia kwenye maji, mimi naipenda hata kuliko Orion kwa sababu Orion inaisha haraka mno.

Lakini hayo yote weka pembeni. Kilichonifanya niandike ni The Beast, usiku. Ni ya 1979, ya mbao, na mpaka leo ndo rola kosta ya mbao ndefu kuliko zote duniani, mita 2,243, zaidi ya dakika 4 kwenye kiti. Mchana ni ya kawaida, inakutikisa, basi. Ila imejengwa ndani ya msitu na huko msituni hakuna taa. Mwezi wa 6 jua huku linazama kama saa 3 usiku, kwa hiyo siku wanayofunga saa 4 usiku kaeni mkao wa kula, tukapanga foleni kama saa 3 na nusu. Unapanda kilima cha kwanza tak tak tak tak, unaziona taa za pale chini, halafu unaingia kwenye shimo chini ya ardhi na zikizimika zimezimika. Husikii kitu ila mbao zinalia na watu wanapiga kelele mbele yako usiowaona, matawi yanapita karibu, baridi ya msitu usoni, hujui kona inakuja kushoto au kulia. Katikati inapunguza inapanda kilima cha pili taratibu sana, pale ndo watu wote walinyamaza, nikasikia chenene wanalia porini kama niko shamba Mvuha kule Morogoro. Kijana akaniambia "baba, imeisha?" Nikamwambia bado. Kisha ikatuzungusha kwenye lile handaki la mbao mzunguko mmoja na nusu, kelele zimejaa, nimemshika mkono na yeye anacheka tu.

Mama alikuwa benchi na mabegi yetu na aiskrimu ya buluu, ile maarufu ya pale. Ye mchana alipanda lifti ya ule mnara wa Eiffel mdogo, mita 96, akasema inamtosha. Akatuangalia nywele zilivyosimama akauliza, "Na Elly anacheza tena lini?" Anarudi Morogoro Agosti, nimeshakata tiketi nyingine, jukwaa la juu, upande wa mto.