Chaja ya simu kwenye pikipiki: betri moja kwa moja au swichi ya ufunguo?

Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, simu huchaji hata injini ikiwa imezimwa. Lakini chaja hunyonya kidogo kidogo, na pikipiki ikilala wiki kadhaa mjini Wete, Pemba, bila kuwashwa, stata hugoma. Swichi ni bora: ufunguo ukizimwa, umeme hukatika. Ila usichukue waya wa taa ya mbele. Pikipiki nyingi ndogo hupitisha humo umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo, si kama wa betri), na chaja huweza kuungua.

Kote kuwili, weka fyuzi ya ampea 3 karibu na pale unapochukulia umeme.

Chaja ikiwaka na kuzimika, pima injini ikizunguka. Betrini volti 14, kwenye chaja 11? Kagua kiungio na waya wa hasi: hewa ya chumvi hugeuza shaba kijani. Kwangua, unga upya, funga tepu.