"Ndugu mteja, badilisha pawa saplai": yaliyonikuta na ubao mama wa seva yangu ya nyumbani

Sitaeleza ubao mama huu, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, una nafasi ngapi za RAM wala unapokea diski ngapi, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye boksi lake na anayeyataka atayapata bila msaada wangu. Ninaandika kwa sababu ya jibu moja nililopewa mara nne na huduma kwa wateja ya kampuni iliyoutengeneza, jibu ambalo kila nikilikumbuka hasira zinanipanda upya: "Ndugu mteja, badilisha pawa saplai," yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kuilisha kompyuta.

Seva yenyewe, yaani kompyuta inayowashwa muda wote kutunza mafaili, ni kasha dogo lililokaa kwenye kona ya chumba, na ndani yake zimo picha zote za familia yetu, vyeti tulivyoviskani, na sauti za marehemu bibi yangu akisimulia utoto wake, ambazo hazipo mahali pengine isipokuwa kwenye diski moja ya akiba niliyoifungia kabatini. Kwa miaka miwili na ushei ubao huu haukuwahi kunisumbua. Halafu, wakati fulani ambao siwezi kuutaja kwa tarehe kwa sababu mwanzoni sikuutilia maanani, seva ikaanza kuzimika yenyewe usiku. Asubuhi naikuta kimya, nabonyeza swichi, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza ilikaa wiki nzima kabla ya kuzimika tena, kisha siku mbili, kisha saa chache, hadi jioni moja ikagoma moja kwa moja.

Nilipiga magoti mbele yake nikiwa na tochi. Kila nilipobonyeza swichi, feni ya prosesa ilishtuka, ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama; ndani ya pawa saplai ukasikika mlio mdogo, tik; baada ya sekunde kama tatu feni ikashtuka tena, nusu mzunguko, tik, kimya. Iliendelea hivyo mfululizo mpaka nilipochomoa waya ukutani. Mtu aliyewahi kuona mashine yake ikihangaika namna ile, huku akijua kilichomo ndani ya diski zake, atanielewa.

Niseme wazi kwamba hata mimi nilianza kwa kuishuku pawa saplai, na fundi yeyote mwaminifu angeanzia hapo, maana huchoka mapema na ni rahisi kuibadilisha. Lakini sikuishia kwenye kushuku. Nilichomoa diski zote na kadi zote, nikaacha prosesa na kijiti kimoja cha RAM. Nikaiweka kando swichi ya kasha kwa kugusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu swichi iliyokwama nayo inaweza kuizima mashine kila inapowaka. Nikautoa ubao nje ya kasha na kuulaza juu ya boksi la karatasi ngumu, nisije nikawa natafuta ugonjwa mkubwa kumbe ni nguzo moja ya skrubu iliyosahaulika mahali pasipo na tundu na kugusa mgongo wa ubao. Betri ndogo ya ubao, ya aina ya CR2032, ambayo ikiwa nzima hutoa volti 3, ilisoma 2.6, nikaibadilisha, nikafuta mipangilio ya BIOS, ile programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, kwa jampa, yaani kibanio kidogo cha kuunganisha pini. Nusu mzunguko, tik, kimya.

Pawa saplai nayo niliijaribu peke yake, kwa kuunganisha pini ya 16 ya plagi yake kubwa, ule waya wa kijani unaoiamuru iwake, na waya mweusi, ikawaka. Najua kwamba feni kuzunguka bila mzigo hakuthibitishi jambo kubwa, na kama mtoa huduma angeniambia hivyo ningemshukuru. Kwa sababu hiyo niliazima pawa saplai ya kompyuta ya mezani ya mdogo wangu, ambayo inafanya kazi kila siku bila shida, nikaja nayo pamoja na kebo zake zenyewe. Nusu mzunguko, tik, kimya.

Kipimo kilichonifumbua macho kilikuja usiku ule ule. Pawa saplai ya ATX, ule muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, hutoa volti 5 za kusubiri kupitia pini ya 9, ule waya wa zambarau, na kwenye ubao wa seva volti hizo ndizo zinazoilisha chipu ndogo ya usimamizi inayokaa macho usiku na mchana. Kiwango kinachokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Nikapima pawa saplai yangu ikiwa peke yake, nikapata 5.07. Nikaichomeka kwenye ubao, nikaipenyeza ncha ya multimita, kile kipimio cha umeme, kwa nyuma ya soketi hadi ikagusa chuma: 4.3, halafu 4.2, na kitaa cha chipu ya usimamizi, kinachopaswa kupepesa kila baada ya muda mfupi, kikafifia mbele ya macho yangu na kuzimika. Nikachomoa, 5.07. Nikachomeka, 4.2. Nikaleta pawa saplai ya mdogo wangu, nayo ikasoma 5.10 ikiwa huru na 4.1 ikiwa imeshikwa na ubao. Mwisho nikachomoa kila kitu, nikasubiri umeme uliobaki uishe, nikapima ukinzani kati ya pini ile ya ubaoni na ardhi, yaani upande wa waya mweusi, nikapata ohmu 1.6. Volti 5 zikikutana na ohmu 1.6 zinadai zaidi ya ampea 3, na pawa saplai nyingi za nyumbani hutoa ampea mbili na nusu au tatu tu kwenye njia hiyo ya kusubiri. Kwa lugha ya mafundi, ubao ulikuwa na shoti: umeme ulikuwa unapita njia ya mkato.

Nikaandika yote haya. Niliandika kwa heshima, kwa utaratibu, nikaambatisha picha za multimita zikionyesha namba na mahali ncha zilipogusa, nikaeleza kwamba nimejaribu pawa saplai mbili, nikaomba ubao upokelewe chini ya dhamana, ambayo ilikuwa haijaisha. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, sentensi moja: "Ndugu mteja, badilisha pawa saplai." Nikadhani barua yangu haikusomwa hadi mwisho. Nikaandika tena, kwa ufupi zaidi. Safari hii wakaongeza ushauri, na ushauri wenyewe ndio ulionitia hofu: nikishindwa kupata pawa saplai nyingine, nijaribu kutumia kebo za pawa saplai ya aina nyingine.

Naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna mtu anaweza kupewa ushauri huo huo akaufuata. Kebo zinazochomoka upande wa pawa saplai hazibadilishani hovyo. Upande wa ubao na wa diski mpangilio wa pini ni mmoja karibu kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, na wakati mwingine hata miundo miwili ya mtengenezaji mmoja hutofautiana. Kebo inaingia vizuri kabisa, inabana, na volti 12 zinakwenda kwenye njia ambayo diski inasubiri volti 5. Diski inaungua pale pale. Kama ningewatii watu hawa, sauti ya bibi ingebaki kwenye ile diski moja ya kabatini tu, na huenda wangeniambia tena nibadilishe pawa saplai.

Nikapiga simu. Nilisubiri muda mrefu, hatimaye akapokea kijana mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. Nikamwamkia, nikampa namba ya shauri langu, nikaanza kumsomea vipimo. Nilipofika kwenye ile 4.2 akanikatiza: "Wewe ni fundi?" Nikamjibu kwamba siyo kazi yangu, ila nina multimita na najua kuitumia. Akasema: "Basi hivyo vipimo vyako havina maana kwetu. Badilisha pawa saplai." Simu ikakatwa. Nilikaa na simu mkononi kwa muda, mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Sikuomba nisifiwe. Niliomba mtu mmoja, katika kampuni inayouza vifaa vya umeme, aitazame namba na aniambie kama namba hiyo ni sawa au si sawa. Vifaa huharibika, na mtengenezaji kukiri hilo si fedheha. Mwaka 2017 Intel iliandika kwenye nyaraka zake kwamba prosesa za Atom C2000, ambazo zilikuwa zimeenea kwenye seva ndogo, zinaweza kupoteza ishara ya saa, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa mashine, na kuifanya mashine ishindwe kuwaka kabisa. Kampuni kubwa ilikiri kasoro iliyo ndani ya chipu yake yenyewe. Hawa wangu walishindwa kukiri hata kwamba inawezekana kifaa kimoja tu, kati ya mamia yaliyoko kwenye ubao mmoja, kimekufa.

Na kweli kilikuwa kimoja. Shauri langu lilipofungwa bila ridhaa yangu niliona sina tena cha kupoteza, nikamwita rafiki ambaye kulehemu ndiko kunakomlisha. Tulitazama ubao kwa kioo cha kukuza. Hakuna kapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, iliyovimba, hakuna palipoungua, hakuna harufu. Akachukua spiriti ya kusafishia, akaipaka kwa brashi kuzunguka eneo la chipu ya usimamizi hadi ubao ukang'aa, kisha akaniambia niwashe pawa saplai kwa sekunde chache tu, bila kubonyeza swichi ya seva. Tuliinama wote wawili. Spiriti ilibaki inameremeta kila mahali isipokuwa nukta moja, karibu na kona ya chipu, iliyokauka haraka na kuacha duara dogo jeupe, na katikati ya duara hilo ilikuwepo kapasita ya kauri isiyozidi punje ya ufuta. Penye shoti ndipo penye joto, na penye joto spiriti huwahi kukauka. Kapasita za kauri zikipata ufa ndani huweza kuleta shoti bila kuonyesha alama yoyote nje, ndiyo maana macho hayakutusaidia.

Akaing'oa kwa moto wa chuma cha kulehemu. Nikapima: ukinzani ulikuwa umepanda hadi mamia ya ohmu. Nikachomeka pawa saplai, ile ile niliyoambiwa mara nne niibadilishe. 5.06. Kitaa cha chipu kikaanza kupepesa. Nilibonyeza swichi nikiwa nimeshikilia pumzi, feni ikashtuka, ikapita nusu mzunguko, ikaendelea. Rafiki yangu aliweka kapasita nyingine ya aina ile ile aliyoitoa kwenye ubao mwingine mbovu, tukarudisha diski, na seva ikawaka na kila faili mahali pake.

Nilikusudia kuupa ubao huu alama ya chini kabisa na kumkataza kila mtu asiununue. Lakini nikiwa mkweli, ubao wenyewe sina ugomvi nao. Umetulia, haupati joto, umenitumikia miaka miwili mchana na usiku, na kilichouangusha ni kifaa kidogo ambacho kingeweza kufa kwenye ubao wa mtengenezaji yeyote. Wiki kadhaa zimepita tangu tuutengeneze na haujazimika hata mara moja. Kuna siku nikiiangalia seva ikifanya kazi nasema kwamba nikihitaji ubao wa pili nitanunua huu huu, na nilipoanza kuandika nilidhani ndivyo nitakavyomalizia.

Ila juzi nimepokea ujumbe kutoka kampuni hiyo hiyo ukiniomba nieleze nilivyoridhika na huduma yao. Juu yake imeandikwa namba ya shauri langu, chini yake hali ya shauri, "limetatuliwa", na mbele ya neno chanzo wameandika: "pawa saplai ya mteja." Nimewajibu nikiwataka wafute maneno hayo na waandike kapasita, nikawatumia picha ya ile punje nikiwa nimeibandika kwenye karatasi nyeupe pembeni ya rula. Hawajajibu. Kwa hiyo nabadilisha tena niliyoyasema hapo juu: msinunue, angalau mpaka kumbukumbu ile isahihishwe, kwa sababu mteja mwingine mwenye ubao kama wangu atakapowapigia simu akiwa na 4.2 mkononi, watafungua kumbukumbu zao na kukuta kwamba mara ya mwisho ilikuwa pawa saplai.