Fundi saa wa Ngamiani kaniponyea kalamu ya marehemu baba kabla sijaenda nayo Marekani: nyota nne

Nianze na nyota mwenye haraka aondoke zake: nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya "njoo Alhamisi", ntaielezea huko chini.

Kwanza mjue mi nimeingiaje kwenye haya mambo ya kalamu za wino, zile za kujaza wino wa chupa. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye kadi za harusi, kwa mkono, hapahapa Tanga, kuna familia hazitaki jina la kuchapwa na mashine, wanataka mwalikwa aone kuna mtu kakaa chini kamuandika. Miaka yote nimetumia kalamu za jeli, zinaisha wino katikati ya jina la Sheikh fulani unabaki unatikisa. Sasa kaka yangu yuko Maryland, mwaka huu kanialika Agosti, na ye ndo kanitia wazimu huu maana kaniambia mwezi huohuo Washington kuna maonyesho ya kalamu za wino, makubwa kweli, yanafanyika hotelini upande wa Virginia, siku nne kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, watu wamepanga meza kumbi nzima wanauza kalamu mpya na za kale, wino, karatasi, na wapo mafundi wanaokusagia nibu, kile kichuma cha mbele cha kuandikia, palepale wewe umekaa mbele yao. Hapo kwenye kusaga nibu ndo nikakosa usingizi.

Mana nibu ya kawaida ncha yake ni mviringo, mistari yote inatoka sawa. Ikisagwa ikawa bapa, mstari wa kushuka unakuwa mnene na wa kukata pembeni unakuwa mwembamba, jina linakuwa na mwendo kama mwandiko wa mabibi na mababu. Kwa kadi za harusi hiyo ni pesa.

Basi mipango yangu ikawa hivi: naichukua Parker 51 ya marehemu baba, naenda nayo, naisagisha, na narudi na kalamu nyingine kumi na moja nilizokwisha ziandika kwenye daftari. Kumi na moja! Kwa dola mia na hamsini! Nacheka sahivi.

Baba alikuwa karani shamba la mkonge huko njia ya Muheza, kalamu ile alikuwa haiachi mfukoni hata akienda msikitini. Kwenye kofia imeandikwa imetengenezwa Uingereza. Alipofariki ikakaa kabatini miaka kumi na tisa na wino wake ndani. Nilipoitoa nikaisuuza juujuu, nikaenda duka moja la vifaa vya shule nikaomba wino wa kalamu, kijana akanipa kichupa, nikajaza, haikuandika hata nukta. Nikaisukumasukuma kwenye karatasi, ikakwaruza tu. Jirani ndo kanambia kampelekee fundi saa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, namba siitaji kwasababu kibaraza si chake na hataki fujo, we ulizia fundi saa mwenye redio karibu na muuza kahawa utafikishwa.

Shikamoo mzee, marahaba, nikakaa kwenye kigoda. Ana kimeza cha kioo chenye saa za watu zimelala, na pembeni mkebe wa biskuti umejaa vipande vya kalamu, vibanio, kofia, nibu zilizovunjika. Sikutegemea. Anasema enzi za makarani wa mkonge na bandari alikuwa anapata kalamu nyingi kuliko saa.

Kavaa lensi yake jichoni, kafungua bomba la kalamu, kikabaki kile kikoba cha chuma chenye ubao mwembamba wa kubonyeza na kifuko cha wino ndani yake. Katia ncha kwenye bilauri ya maji ya baridi (ya moto hataki kabisa, anasema yanapinda vitu), kabonyeza, kaachia. Maji yakatoka zambarau, sio bluu, zambarau ileile ya barua ya serikali ya mtaa. Kanyanyua kichwa taratibu.

"Bibie, humu umetia nini?"

"Wino, mzee."

"Wino gani?"

Nikatoa kichupa kwenye pochi. Kakisogeza mbali na macho, kasoma, kisha akamuita muuza kahawa aje naye asome. Wino wa muhuri. Mi nimeitilia kalamu ya baba wino wa muhuri! Nilitamani kigoda kinimeze. Na lile duka silitaji, kosa nusu langu, kichupa kimeandikwa wazi na mi nilisoma rangi tu.

Sasa hapo ndo akanifundisha kitu ambacho kaka yangu na mavideo yake yote hakunieleza nikaelewa. Kasema kalamu ya wino ikiandika haina pampu wala mpira wa kuusukuma wino, wino unashuka kwa vinjia vyembamba sana chini ya nibu, na kila tone likitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. "Kama kopo la maziwa. Ukilitoboa tundu moja maziwa hayatoki, mpaka utoboe la pili." Wino wa muhuri umetengenezwa ukae na unyevu kwenye kile kitambaa chake usikauke, ni mzito, ukiingia kwenye vile vinjia unaziba njia ya wino na ya hewa vyote viwili. Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza wino gani atie namwambia ulioandikwa kwa ajili ya kalamu za kujaza basi, sio wa muhuri, sio wa printa, na ule mweusi wa wachoraji ndo kabisa usiuguse, ukikauka ndani umeshamaliza habari.

Kaibonyeza na kuiachia mara sijui ngapi, nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa na kashata bado anabadilisha maji. Yalipoanza kuwa meupe kaifunga ncha kwa kipande cha toilet pepa kaisimamisha kwenye bilauri tupu, na hiyo karatasi ikaanza kunyonya, kwanza zambarau, halafu chini yake ukapanda mstari wa bluu iliyofifia. Nikamuuliza hiyo bluu ya wapi, mi sijatia bluu. Akasema hii ya mwenyewe. Yaani wino wa mwisho baba aliotia. Nilinyamaza kidogo hapo, na mzee naye akaongeza sauti ya redio.

Haya, tuingie kwenye malalamiko. Kasema iache ilowe, njoo Alhamisi. Alhamisi nimekuja, kaenda mazikoni. Sawa, ya Mungu. Alhamisi ya pili, hajaigusa, kuna mtu kaleta saa ya ukutani ya msikiti. Alhamisi ya tatu nimekuja nimenuna kabisa. Tanga kwa wengine waja leo waondoka leo, ila ukimpelekea huyu mzee kalamu jua hutaondoka leo wala wiki hii. Simu hapokei, ni ya kusikilizia redio tu. Nyota moja imeondoka hapo na hairudi.

Lakini ile Alhamisi ya tatu ilikuwa ya maana. Kanipa lensi niangalie mwenyewe. Ile nibu ya 51 imefichwa, inachungulia kidogo tu kwenye ganda la mbele, kwahiyo unaweza kudhani hakuna cha kuangalia, ila kwenye lensi unaona ncha imepasuliwa katikati na zile pande mbili moja ilikuwa juu ya mwenzie, tofauti ya unywele. Ndo ilikuwa inakwaruza. Kapitisha kibati cha shaba chembamba kama karatasi kwenye ule ufa mara mbili, kakandamiza upande mmoja kwa ukucha, kaangalia, kakandamiza tena. Kisha katia wino wake mwenyewe na kuandika nane. Nane, nane, nane, mstari mzima, anasema nane inapita pande zote, kalamu ikiwa na tabia mbaya upande wowote nane itakwambia. Nikaandika jina la baba. Ikateleza.

Bei elfu ishirini. Nimeona ni rahisi hadi nikaogopa.

Nikamwonyesha daftari langu la kalamu kumi na moja na mpango wa kuisagisha hii. Kalisoma lote, karudisha. "Unakwenda mnadani na hujui kumtambua samaki aliyelala. Na hii ya baba yako ukiisaga, mwandiko wake umeufuta." Hakuongeza neno. Kusaga ni kuondoa chuma, ile chembe ngumu ya ncha ikishaondoka hairudi. Baba kaizoesha mkono wake miaka na miaka, mi niende kuipeleka kwenye mashine kwa ajili ya bahasha za harusi? Nikafuta mstari wa kwanza wa daftari palepale, na mingine tisa nimefuta nyumbani.

Kwahiyo mpango mpya, kwa mnaofikiria kwenda maonyesho kama haya mara ya kwanza. Ntanunua kalamu moja ya bei ya chini kwa ajili ya hiyo ncha bapa. Kaka anasema hata kusagisha si lazima, Lamy Safari, ile kalamu ya Kijerumani ya plastiki iliyoanza 1980, nibu zake zinachomoka unabadilisha mwenyewe, na wanauza bapa za milimita 1.1 na 1.5 tayari. Hiyo mzee hakuijua, kalamu za sasa hazijui kabisa, ukimtajia anakuuliza ya nchi gani. Ila nikitaka kusagisha, orodha ya mafundi wa nibu inajaa asubuhi na mapema, unaandikisha jina kwanza ndo unazurura, na unakaa naye mnaandika pamoja maana anasaga kwa mkono wako ulivyoinamisha kalamu, sio wa kwake. Jumamosi watu wanabanana, mi ntaenda Ijumaa japo tiketi ya siku za mwanzo ni ghali zaidi. Pesa taslimu. Na usishike kalamu ya mtu mezani bila kuomba, wala usivute kofia kwa nguvu, nyingine ni za kuzungusha. Mzee alivyosikia hilo kasema hata sokoni Mgandini huminyi nyanya ya mtu kabla ya kusalimia.

Kuhusu kalamu za kale nabeba maswali mawili tu. La kwanza, inajazwaje na kifuko kimebadilishwa lini. Zile za zamani zenye mpira ndani, mpira unaoza, kwahiyo kalamu inang'aa nje na ndani ni maiti. Hii ya baba imepona kwa sababu 51 za aina yake, za kubonyeza, zilizoanza mwisho wa miaka ya 1940, kifuko chake ni cha plastiki fulani ngumu kufa. Zile 51 za mwanzo kabisa kuanzia 1941 hujazwa kwa kusukuma kitufe cha nyuma, na hizo zina kipande cha mpira, uliza. Swali la pili, nikiiona 51 ya bei ya ajabu niangalie ni ya lini, kwa sababu 2021 Parker wametoa nyingine kwa jina hilohilo, ya katriji (kibomba cha wino cha kuchomeka) na konveta (kipampu cha kunyonyea wino wa chupa), kofia yake ya kuzungusha, ile ya kale kofia unaisukuma tu. Si mbaya, ila sio hiyo. (Na hiyo 51 sio mwaka wala bei, kampuni ilikuwa inatimiza mwaka wa 51 ilipokamilisha kuibuni 1939. Mi nilidhani ni idadi ya vipande.)

La ndege nilimuuliza mwenyewe. Hajawahi kupanda, kasema hewa ni hewa. Ndege ikipanda ile hewa iliyobaki kwenye kifuko inatanuka, inausukuma wino nje, kwahiyo au ijaze pomoni hewa isipate nafasi au itoe wino wote, na isimamishe ncha juu. Kaka kathibitisha kwa simu, kaloa shati mara moja. Mi naenda nayo tupu. Sigusi.

Ah na karatasi. Kadi nyingi tunazotumia hapa wino unatambaa, herufi inaota nywele. Hiyo kalamu haina kosa, ni karatasi inanyonya. Kule kwenye maonyesho kuna meza za kuchovya wino za bure, mi nabeba kadi zangu tatu za Tanga nijaribie juu yake, sio kwenye karatasi yao nzuri halafu nije kulia huku.

Kama unataka kumpelekea fundi: asubuhi baada ya saa tatu, sio mchana maana analala, ipeleke ikiwa na wino uleule usiioshe ili aone tatizo, na akikwambia Alhamisi, muulize ya wiki gani.