Diski ya tera moja: nimekuta GB 931 na matusi juu

Diski yenyewe nzima. Naanza na hilo kabla hasira hazijanipanda tena. Inaandika haraka, haichemki, waya wake haulegei kama wa ile yangu ya zamani. Ingekuwa ni diski peke yake ningeipa nyota nne nikalale zangu.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Kigoma, na mzigo wangu kwenye kompyuta ulikuwa unasoma GB 945. Boksi limeandikwa tera moja. Tera moja ni GB 1,000, mtoto wa shule anajua. Nikachomeka, nikaanza kuhamisha, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta imegoma, nafasi haitoshi! Iliyobaki nje ni harusi ya Ujiji, tena ya watu ambao hata malipo hawajamalizia. Kuangalia ukubwa wa diski: GB 931.

Nikarudi dukani pale Mwanga, risiti mkononi. Kijana wa kaunta anatafuna karanga, sikio moja limezibwa na spika. Nikamwuliza kwa adabu, GB 69 zimekwenda wapi? Hata kuichomeka aangalie hakuichomeka. Akaisukuma kwa kidole kimoja ikarudi upande wangu, akasema, na wateja wengine wanasikia: "Mzee, zote ziko hivyo. Kama kompyuta huziwezi, nenda Kibirizi ukauze dagaa."

Dagaa! Kibirizi ukipimiwa dagaa, ndoo unaiona kwa macho, na mkigombana kuna Wakala wa Vipimo. Huyu ana ndoo mbili zenye jina moja na hataki uulize.

Aliyenieleza ni mpwa wangu anayesoma mambo hayo. "Mjomba, hujaibiwa." Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, giga yake ni baiti bilioni moja kamili. Windows inazidisha kwa 1,024, giga yake ni baiti 1,073,741,824, halafu inaandika GB vilevile. Akanifungulia dirisha la maelezo ya diski: kwenye mstari mmoja, kushoto baiti trilioni moja na chenji, kulia GB 931. Zote mbili sahihi! Kwenye kilobaiti tofauti ni asilimia 2.4 tu, nani ataiona. Ikifika tera inakaribia 10. Wakubwa wa viwango, IEC, walishatoa jina la pembeni tangu 1998, gibibaiti, kifupi GiB, watu wasichanganywe. Windows haijajali. Kompyuta za Apple zilihamia kwenye elfu mwaka 2009, kwa hiyo diski hiihii ukiipeleka huko inasoma tera nzima.

Tena anasema hata baiti yenyewe, Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM alipoitungia jina mwaka 1956, haikuwa lazima iwe biti nane, yaani zile sifuri na moja za kompyuta. Nane zilikuja kuzoeleka baada ya kompyuta za IBM za System/360 za mwaka 1964. Kipimo kimezaliwa hakijatulia, na sisi huku tunakilipia pesa taslimu.

Basi boksi halijasema uongo, nakubali. Hata maelezo yapo, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na tochi. Lakini kama mnajua mteja atasoma 931, kwa nini msiandike 931 kubwa pale mbele? Nilikuwa nimeshaamua nyota nne. Sasa ni tatu. Mbili, nikikumbuka zile karanga.

Hapana, tatu ziwe za diski, haina kosa. Duka silipi hata moja. Maneno aliyoniambia mpwa wangu hayamalizi dakika tano. Kijana yule angeyasema, leo ningekuwa mteja wake wa kudumu.

Harusi ya Ujiji nimeiweka kwenye flashi ya GB 64, nimeinunua duka linalotazamana na lake, na nilihakikisha ananiona. Inasoma 59 na pointi. Mama muuzaji aliniambia mwenyewe kabla sijatoa hela.