Fundi wa kukagua nyumba chakavu kabla hujanunua, nampa nyota 4 kati ya 5

Nyumba yenyewe iko kijijini, kuta za mawe na udongo, imekaa miaka bila mtu. Mi niliipenda hapohapo kwa ajili ya ile baraza na bei yake ilikuwa chini, nikabaki kidogo tu nimlipe dalali siku ileile, dada yangu ndo akanikataza, akasema usitoe hata senti kabla fundi hajaiona. Basi nikalipia ukaguzi, na kwakweli namshukuru dada mpaka leo.

Fundi kaja na ngazi, tochi, bisibisi na pima maji, kakaa masaa manne. Nilidhani ataanza na ule ufa mkubwa wa sebuleni ulionitisha, yeye huyo moja kwa moja darini, anachoma kila boriti kwa bisibisi, hasa pale mwisho wake unapoingia ukutani maana ndo panapoanza kuoza. Mbao nzima inagoma, mbovu bisibisi inazama tu. Kwenye boriti tatu za upande wa jikoni ilizama. Kibanda cha nyuma kina mabati ya asbesto, akasema hayo mtu asiyakate wala kuyatoboa, vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Ule ufa sasa. Alibandika kipande chembamba cha jasi katikati yake akaandika tarehe, akarudi baada ya wiki sita, jasi haijapasuka. Akasema ni dalili kwamba nyumba imeshatulia, ufa ni wa kuziba tu. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye unyevu ambao mimi wala sikuuona, kuna mtu aliwahi kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, na ukuta wa hivyo unatakiwa upumue, saruji inafungia maji ndani yanakula ukuta taratibu. Halafu udongo wa nje umerundikana mpaka kupita usawa wa sakafu, na gata hamna. Akanielekeza: shusha udongo, weka gata, bandua hiyo saruji, upige lipu ya chokaa, chokaa moja mchanga tatu, na uifunike magunia mabichi kwa sababu chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, ikikaushwa na jua haraka inakuwa unga. Ukuta nao uache ukauke kwanza, usiwe na haraka!

Yaani mimi bajeti yangu yote ilikuwa rangi na vigae. Vingebanduka vyote. Alinipangia upya, paa kwanza, kisha maji, kuta, umeme (waya wote wa kubadilisha, hakuna hata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja), rangi mwisho kabisa, na sehemu moja ya tano ya pesa isiguswe, ni ya dharura. Zile boriti tatu nilimwonyesha mwenye nyumba akapunguza bei, na alichopunguza kilizidi nilichomlipa fundi.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Ripoti ilichelewa siku tisa, tena imeandikwa kwa mkono bila picha hata moja, wakati wa kuelewana na mwenye nyumba ikabidi nipande ngazi mwenyewe nikapige picha na simu. La pili ndo limeniuma zaidi, shimo la choo hakulifungua. Nimeshanunua ndo nakuta zege la juu limeliwa, mtu angeweza kutumbukia. Nilipompigia akasema dada, shimo halimo kwenye ukaguzi wangu. Sawa, lakini hilo angeniambia mwanzoni, kwahiyo ukimwita fundi yeyote muulize kabisa nini anakagua na nini hakagui, shimo, kisima, mipaka, vyote.

Nikipata nyingine nitamwita huyuhuyu, ila siku hiyo tunaanza kufungua shimo ndo apande darini.