Kalenda mmebadilisha, na ile kamba je?

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Jumamosi moja ya kiangazi nilimpeleka mpwa wangu kwenye mbio za farasi hapa Uingereza. Wakubwa wa mchezo huu walipanga upya kalenda mwaka 2024: siku 170 za mbio zikapewa hadhi ya juu, na Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi wakapunguza viwanja vinavyoshindania macho ya watu. Wakajaribu hata Jumapili usiku chini ya taa. Yote hayo ili sisi tusiojua farasi tuvutiwe. Haya, tukavutika.

Tumefika, mtoto anataka kitu kimoja tu: kuwaona farasi wakizungushwa kabla ya kutoka kukimbia. Mbele yetu kamba. Tikiti yetu ya bei ya chini mwisho wake hapo. Nikamwomba bawabu kwa adabu amruhusu mtoto dakika mbili tu. Hata usoni hakunitazama. Alishika kile kikaratasi cha mkononi mwa mtoto, akakigeuza kama anakagua noti bandia, akasema, "Rangi siyo hii. Rudi nyuma." Mtoto akaniuliza, "Mjomba, tumefanya nini?"

Ningemjibu nini? Kutoka mbio moja hadi nyingine ni nusu saa ya kusubiri, na cha kufanya ni bia au kubeti. Ana miaka minane! Nyumbani Nairobi, Jumapili pale kiwanja cha mbio za farasi cha Ngong, tulitandika leso majanini na farasi tuliwaona mpaka jasho.

Nyota moja tu ningewapa kwenye tathmini hii, nilishaamua. Lakini mbio za mwisho tulisimama kwenye uzio karibu na mstari wa kumalizia, wakapita na ardhi ikatetemeka, majani yakaturukia, mtoto akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Basi likizo nikamrudisha, siku ya katikati ya wiki, moja ya zile ambazo ile kalenda ya 2024 haikuzipa hadhi ya juu. Tikiti rahisi, watu wachache, kwenye kamba hayupo mtu. Mpanda farasi aliyemaliza mkiani alivua miwani yake yenye matope akamkabidhi mtoto, akaenda zake. Juzi kalala nayo.

Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu. Yule bawabu bado yuko kazini.