Pumzi au matembezi: kipi kinafaa ukibanwa na msongo wa mawazo kazini?

Simu ya mteja mkali imekatika, mabega yamepanda, meno umeyauma. Hapo anza na pumzi: kaa wima, vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa 6, kwa dakika 3 hadi 5. Ule utoaji mrefu ndio hutuliza mapigo ya moyo. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi mno. Kizunguzungu huja, vidole hufa ganzi. Ikitokea, acha, upumue kawaida.

Matembezi ya dakika 10 yanamfaa zaidi aliyekaa tangu asubuhi, au ambaye akifumba macho mawazo huzidi. Simu iache mezani. Ukijibu ujumbe njiani, akili haijatoka kazini. Sikilizia kisigino kinavyogusa chini, kisha vidole.